Kijiko cha Kwanza Hakihitaji Unga wa Miujiza

Kila msimu wa palizi unapofika katika vijiji vya wilaya ya Kilosa, uji huanza kuingia vinywani mwa watoto ambao umri wao bado haujaruhusu. Nimeliona hilo kwa miaka mingi ya uuguzi katika kliniki za mama na mtoto, kuanzia bonde la Mkondoa hadi huku Mikumi ninakoishi baada ya kustaafu. Mama aliyejifungua Novemba, masika inamkuta na mtoto wa miezi minne, na shamba linamtaka alfajiri. Nyumbani anabaki bibi, au dada wa mtoto ambaye naye ni mtoto. Mchanga atalia, na aliyeachiwa atatafuta cha kumpa. Kilicho karibu ni uji.

Kwa hiyo mama anaponiamkia na kuniuliza, "Nesi, huyu nimwanzishie lini?", najua haulizi mwezi peke yake. Anauliza pia atafanyaje na shamba, na mama mkwe anayesema maziwa yake ni mepesi, na jirani aliyemwanzishia wake mapema akanenepa. Namjibu yote kwa pamoja, maana jibu la mwezi tu halimsaidii akifika nyumbani.

Kwa nini miezi sita

Mtoto mchanga aliyezaliwa kwa wakati wake huja duniani na akiba ya madini ya chuma aliyopewa na mama yake tumboni. Akiba hiyo humtosha kwa takriban miezi 6. Kwa muda huo maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hata kwenye joto la Kilosa, yana nguvu ya kumkuza, na yana kinga dhidi ya maradhi. Baada ya hapo maziwa yanabaki kuwa mazuri, ila mahitaji ya mtoto yanayapita, hasa mahitaji ya chuma na nguvu. Hapo ndipo chakula kinapoingia kuyasaidia maziwa, si kuyafukuza.

Akina bibi wengi huniambia, "Sisi tulianza miezi minne, na nyie mkakua." Nawaheshimu, na naeleza. Zamani ushauri wa kimataifa ulikuwa kumwanzishia mtoto kati ya miezi 4 na 6, na kliniki zetu zilifundisha hivyo. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitia utafiti uliokuwepo, na Mkutano Mkuu wa Afya ukapitisha ushauri mpya: maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka mtoto atimize miezi 6. Sababu kubwa ilikuwa kuhara. Kila kikombe cha maji na kila kijiko cha uji ni mlango wa vijidudu, na utumbo wa mtoto wa miezi mitatu hauna nguvu ya kupambana navyo. Tena mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo, na ziwa lisilonyonywa hupunguza maziwa. Mama akiona yamepungua anasema, "Si niliwaambia hayatoshi?" Kumbe uji ndio uliyapunguza.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Tumepiga hatua. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, na udumavu haugusi mifupa tu, unagusa pia akili na kinga. Sehemu kubwa ya udumavu huo huanzia kati ya mwezi wa 6 na wa 24, wakati wa kijiko. Kwa hiyo kuwahi ni kosa, na kuchelewa nako ni kosa. Nimewaona watoto wa miezi tisa wanaoishi kwa ziwa tupu kwa sababu mama aliambiwa "nyonyesha tu" na hakuambiwa mwisho wake.

Mtoto mwenyewe anasemaje

Kalenda inakwambia miezi sita. Mwili wa mtoto unathibitisha. Tazama mambo haya. Anakaa ukimwegemeza, na shingo haiyumbi. Anaokota kitu na kukipeleka mdomoni bila kukosea. Ukimletea kijiko, anafungua mdomo na kuinama mbele. Na ulimi wake hausukumi tena chakula nje. Mtoto mchanga huzaliwa na tabia ya kusukuma nje kila kigumu, na tabia hiyo hupotea yenyewe.

Kuna mambo mengine watu huyachukua kuwa dalili ya njaa ya uji, nayo si dalili. Kunyonya vidole si dalili. Kuamka usiku si dalili. Kukodolea macho sahani ya baba si dalili, mtoto wa miezi mitatu hukodolea macho kila kitu. Tumbo linalonguruma, ambalo huku kwetu husemwa ni mchango na kutibiwa kwa maji ya mizizi, haliponi kwa uji wala kwa mizizi. Ukitaka kujua kama maziwa yanatosha, hesabu mikojo: mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, ameshiba.

Aliyezaliwa njiti ana hesabu yake, na mama yake aulize kliniki. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake kila siku, naye ananyonyesha maziwa pekee miezi 6 na kuendelea kunyonyesha pamoja na chakula kama atakavyoelekezwa. Asiogope kijiko na asiogope ziwa. Kinachomlinda mtoto ni dawa kumezwa bila kuruka.

Utafiti uliofanyika Kilosa

Watu wengi wilayani hawajui kuwa swali hili la chakula cha mtoto lilichunguzwa hapahapa kwetu, na matokeo yake yakasomwa duniani. Peter Mamiro wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzake wa Tanzania na Ubelgiji, walifanya kazi katika vijiji vya Kilosa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2005 walieleza mambo ambayo muuguzi yeyote wa hapa angeyatambua: watoto huanzishwa vyakula vingine mapema, na chakula chenyewe kwa kawaida ni uji mwepesi wa unga wa mahindi.

Kazi yao nyingine, iliyochapishwa mwaka 2004, ndiyo ninayoipenda zaidi. Walitengeneza unga wa ulezi, maharage, karanga za kukaanga na embe. Ulezi ulikuwa karibu theluthi mbili ya mchanganyiko. Watoto zaidi ya 300 wa miezi 6 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata unga ambao nafaka yake imeoteshwa na kutayarishwa kwa ustadi ili mwili ufyonze madini kwa urahisi. Kundi la pili lilipata mchanganyiko uleule bila matayarisho hayo. Wakafuatiliwa mpaka walipotimiza mwaka mmoja. Matokeo: makundi yote mawili yalikua sawasawa, na damu zao hazikutofautiana.

Wapo watakaosema kazi hiyo ilishindwa. Mimi nasema imetupa somo kubwa. Ustadi wa kuutayarisha unga, peke yake, haukumwongezea mtoto wa Kilosa kimo wala damu. Hakuna unga wa miujiza. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu leo ukishuka stendi ya Mikumi au sokoni Kilosa mjini utakuta pakiti za "unga wa lishe" zenye nafaka tano, soya, karanga na mbegu za maboga, na mama anatoa pesa ya mboga ya wiki nzima kuinunua. Akifika nyumbani anachota kijiko kimoja, anakoroga kwenye sufuria ya maji, na uji unatiririka. Amenunua jina la lishe, mtoto amekunywa maji.

Hesabu ya kikombe

Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Tumbo la mtoto wa kilo 7 hubeba takriban mililita 200 kwa mara moja, pungufu kidogo ya kikombe cha chai. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wa mahindi kina kama kilokalori 35. Ukikikoroga kwenye kikombe kizima cha maji, mtoto atatakiwa anywe vikombe karibu sita, na tumbo hilo halina nafasi hiyo. Atajaa maji, atalala, ataamka analia.

Sasa weka vijiko vinne vya unga kwenye kikombe hichohicho. Ongeza kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini, karibu kilokalori 90, na kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti ya hapa kwetu, karibu kilokalori 40. Umepata zaidi ya mahitaji ya siku nzima katika kikombe kimoja, na utakigawa mara mbili au tatu. Kipimo changu ni rahisi: inamisha kijiko. Uji ukitiririka, bado ni kinywaji. Ukishikilia kijiko na kudondoka polepole, huo ni chakula.

Akina mama husema uji mzito unamkwama mtoto. Kwa hilo kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kina kazi yake, na Watanzania tumekifanyia kazi mapema. Mwaka 1983 Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe na mwenzake Svanberg walieleza jinsi unga kidogo wa nafaka iliyoota unavyolainisha uji mzito bila kuongeza maji. Mama wa Kilosa anayepika togwa hahitaji kufundishwa kimea. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, koroga utauona unalainika, kisha urudishe motoni uchemke. Kama kimea ni cha mtama, toa machipukizi yake kwanza, yana sumu. Kimea ni msaada wa ulaini. Chakula chenyewe ni vile ulivyovichanganya.

Sahani ya nyumbani

Siku za mwanzo vijiko viwili au vitatu vinatosha, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Wiki kwa wiki ongeza mpaka nusu kikombe, mara mbili au tatu. Kuanzia miezi 9 mpe mara tatu au nne, nusu hadi robo tatu ya kikombe, pamoja na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au kipande cha papai. Akitimiza mwaka anakula kile familia inachokula, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, na bado ananyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Ulaini nao usonge mbele. Miezi 6 ponda laini. Miezi 8 acha vipande vidogo laini avishike mwenyewe. Mtoto anayelishwa uji wa kunywa mpaka mwaka mzima huchelewa kutafuna, na mama hulalamika kuwa anachagua chakula.

Shirika la Afya Duniani linahesabu makundi 8: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi, kunde na karanga, maziwa ya wanyama, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine. Mtoto apate angalau matano kwa siku. Mama akinisikia nasema makundi matano, uso unabadilika, anadhani namtuma supamaketi. Kisha namwuliza nyumbani kuna nini. Kuna mahindi, au mchele wa bonde, au viazi vitamu. Kuna kunde, mbaazi au maharage. Kuna majani ya maboga na matembele nyuma ya nyumba, na embe msimu wake ukifika. Kuna kuku anayetaga. Kuna dagaa wa duka la jirani. Kutoka kijiji cha Parakuyo huja maziwa ya Wamasai, yanayochemshwa vizuri kabla ya kuchanganywa kwenye chakula. Ukijumlisha na ziwa lake mwenyewe, matano yametimia kabla hajafika barabarani.

Kwa hiyo ponda maharage yenyewe, usimpe mchuzi wake tu. Nguvu imebaki kwenye maharage. Dagaa waoshwe mchanga, wakaushwe, watwangwe unga. Maini ya kuku yaliyoiva vizuri, kipande kidogo kilichosagwa, yana chuma ambacho mwili hukifyonza kwa urahisi kuliko kile cha mboga. Na yai limpe. Nimesikia kuwa mtoto akila yai atakuwa mwizi, atachelewa kusema, ataota upara. Wangu wote walikula mayai na wanasema vizuri. Yai liive, liponde, lichanganye na viazi.

Yapo ya kuepuka. Asali, hata ile safi ya misitu yetu, asipewe kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kupumua. Karanga nzima na punje za mahindi ya kuchoma huziba koo. Chai hunyima mwili chuma. Na sukari: tunapakana na mashamba ya miwa na tunaona ni kawaida kila uji utiwe sukari, lakini mtoto hakuzaliwa akiidai. Soda na juisi za pakiti zisikaribie.

Jambo la hatari kuliko yote halionekani kwa macho wala halina ladha. Ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mkoa jirani wa Dodoma na katika Manyara. Mahindi ya mtoto yachambuliwe punje kwa punje. Iliyooza, iliyopasuka, yenye rangi isiyo yake, itupwe, wala kuku asipewe. Anika juu ya turubai, si ardhini. Usisage unga wa miezi mitatu. Na karanga usizichanganye kwenye unga na kuuweka, kwa kuwa mafuta yake huharibika upesi. Zisage na kuzitia siku unayopika.

Mkono unaolisha

Chakula kizuri kwa mkono mchafu ni maradhi. Nawa kwa sabuni, na mtoto naye anawe. Tumia kikombe na kijiko; chupa yenye chuchu ya plastiki ni ngumu kuisafisha. Uji uliopikwa alfajiri na kushindishwa kwenye chupa ya chai mpaka jioni usimpe. Chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 bila moto.

Mpe sahani yake mwenyewe, ujue amekula kiasi gani. Kwenye sinia moja na kaka zake atakula macho tu. Kaa naye, sema naye, usimshike pua kumlazimisha. Akikataa mchicha leo, mpe tena keshokutwa. Baadhi ya watoto hukubali baada ya kuonjeshwa mara nane, hata kumi. Akiumwa, mnyonyeshe zaidi na mpe kidogokidogo mara nyingi, na akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Mtoto akikonda, mtaani watasema amebemendwa, wazazi wamekosa kujizuia. Nimewaona wanawake wakiaibishwa kwa neno hilo na watoto wakiachishwa ziwa ghafla. Nawaomba wote wanaonisoma: mtoto aliyekonda apelekwe kwenye mizani, akapimwe malaria, minyoo na mlo wake, na mama yake asisemwe.

Na shamba je?

Hapa ndipo nawageukia akina baba na wakwe. Mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 aende na mtoto shamba la karibu, anyonyeshe chini ya mwembe, na zamu zake za shamba la mbali zichukuliwe na mwingine. Ikiwa lazima amwache, akamue maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Mahali penye ubaridi hudumu kwa muda wa saa 4, na mlezi amnyweshe kwa kikombe. Mama aliyeajiriwa, awe wa mkonge wa Kimamba au wa hoteli ya Mikumi, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua pacha, na akirudi kazini ana haki ya kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Aidai, na mumewe asimame naye.

Mtoto wako akitimiza miezi 6, mpeleke kliniki siku hizohizo. Atapimwa, atapata matone ya vitamini A, na wewe uliza kila kinachokutatiza. Baba, siku hiyo nenda nao. Ukirudi, chinja kuku mmoja, maini mtengee mtoto, na mama mtu ale nyama ya kutosha. Unga ulionao ndani unatosha. Utie vijiko vinne.